Bushiri, Aliyekuwa Mtani Wangu

Bushiri alikuwa na haki ya kunitukana. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa mtu wa kuonewa siku zote. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe kwa baba na kwa mama, yeye ni Mnyamwezi wa Sikonge, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani anakuita mchawi mbele za watu na wewe unacheka. Anachukua kitu chako mezani anaondoka nacho, huwezi kumwita mwizi. Unamfuata, unakikomboa kwa soda au sigara, mnaachana mkicheka. Polisi haitwi. Na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Nauza viatu vya mitumba Mchikichini, zaidi daluga za kuchezea mpira. Meza ya Bushiri iko Kariakoo, anauza kava za simu na chaja, lakini karibu kila asubuhi alipitia kwangu kwanza, kama mtu anayepitia chai.

"Nyie Wazaramo kazi yenu ngoma na kuuza viwanja," alianza akiwa bado mbali. "Viwanja vikiisha mtauza ngoma."

"Shusha mzigo kwanza, Mnyamwezi, ndiyo uongee," namjibu. "Shingo hiyo mpaka leo haijanyooka."

Mbaruku, fundi viatu ambaye amekaa ubavuni mwangu miaka mingi, alikuwa anacheka mpaka anasimamisha sindano.

La mzigo lilikuwa kweli. Bushiri alipoingia mjini akiwa kijana alibeba marobota Kariakoo, akiwa na goti moja bovu. Goti liliharibikia kwenye mpira huko kwao. Anasema angekuwa mchezaji mkubwa, na pengine ni kweli, sijui. Baada ya hapo akabaki mtu wa kutazama miguu ya wenzake. Alianzia kwenye kijiwe cha kahawa, akibishana mpaka kahawa inapoa. Baadaye akanunua stendi ya simu yenye miguu mitatu, akaanza kurusha mubashara mechi za viwanja vya vumbi, Buguruni, Ilala, hata ng'ambo ya Temeke. Kila kijana aliyechipukia alimpima mbele ya simu na kumpa alama. Watu wa timu kubwa walimsikiliza, wengine kwa siri.

Sitamnyima lake. Bushiri anaujua mpira. Zamani alipima vitu vitatu: miguu, mapafu na kichwa. Alipopata wafuasi wengi akaongeza cha nne, sura. Alisema sura ndiyo inayouza jezi. Na alipenda kumbandika mtu jina. Kuna golikipa wa kwetu Buguruni aliyemwita Mikono ya Sabuni, kwa mpira mmoja tu uliomponyoka. Uwanja mzima ukalishika jina. Siku hizi kijana yule anaendesha bajaji Upanga, na hata mpira wa watoto ukibingirika miguuni kwake haugusi.

Lakini huyu huyu Bushiri ndiye aliyekuja mume wangu Idrisa alipofariki. Alivaa koti la marehemu na kofia yake, kama watani wafanyavyo msibani, akatembea kama yeye, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, kisha akajilaza mlangoni jeneza lisitoke. "Hatoki mtu hapa mpaka nilipwe," akasema. "Marehemu ameondoka na pilau langu." Watu wakamtupia sarafu. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikamwona kupitia dirishani, nikacheka kwa sauti. Wenzangu wakanishika wakidhani akili imeniruka. Tangu asubuhi, hapo ndipo nilipopata pumzi. Kwa hiyo sikuwahi kumchukia. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Badria ndiye mtoto wangu wa pekee. Ana miaka ishirini. Amerefuka kama baba yake, mabega mapana, nywele anazikata fupi kwa sababu ya jua na vumbi la uwanjani, na sauti yake asubuhi ni nzito. Anacheza kiungo, yule wanayemwita mchezeshaji, ambaye mipira yote inapitia kwake na yeye ndiye anaamua iende wapi. Mimi nimeishia darasa la saba na mpira siujui sana. Ninachokijua ni cha sokoni. Badria akiwa juu ya belo la mitumba anachambua viatu, mteja akitaja namba, anakirusha bila kunitazama, na kiatu kinanifikia mkononi hata kama nimeshahama pale nilipokuwa.

Bushiri akimkuta pale mezani hakosi neno. "Mtani, dume lako hili umelifuga kwa pumba gani?"

"Usilisogelee," namjibu. "Litakupiga teke goti zima lililobaki."

Badria mwenyewe alikuwa anacheka. Anampiga Bushiri kikumbo, Bushiri anapepesuka makusudi, na Mbaruku anamdai faini kwa kumgusa mtoto wa watu. Ulikuwa utani, na ulikuwa na mipaka yake: pale sokoni, kati yetu, uso kwa uso.

Mwaka huu timu moja ya wanawake ilikuwa inatafuta kiungo mmoja. Siitaji jina, maneno yametutosha. Walifanya majaribio mpaka wakabaki wasichana wawili, Badria na mwenzake Nice wa Ilala, binti mzuri na mwenye adabu, rafiki yake. Nafasi ilikuwa moja. Badria alikuwa ameisubiri tangu alipoacha shule, na alikuwa halali vizuri. Mimi ndiyo kabisa.

Baada ya mechi ya kwanza ya majaribio, Bushiri alikaa mezani kwake akaiwasha simu kuwapima wale wawili. Mimi na Mbaruku tulikuwa tunamtazama kwenye simu ya Mbaruku.

"Nice ana miguu, ana mapafu," akasema. "Kichwa bado. Akibanwa anarudisha nyuma. Sura, wadau, sura kumi juu ya kumi. Mweke kwenye bango, jezi zinaisha kabla ya saa nne. Sasa Badria." Akainamia simu, kama anavyofanya akitaka watu wasogee. "Kichwa. Yule binti anaiona njia ya mpira kabla haijafunguka. Pasi yake inavuka nusu uwanja na inatua kifuani kwa mtu kama mtoto anavyolazwa. Mimi nikipewa timu leo namchukua yeye."

Nilimshika Mbaruku goti. Bushiri alikuwa bado hajamaliza.

"Sura tumwachie mama yake. Mimi huyu nimemwona tangu mdogo, na nawaambia, lile ni dume. Muulizeni mama yake, mtani wangu pale Mchikichini, amelifuga kwa pumba gani." Akacheka mpaka simu ikatikisika.

Mbaruku naye alianza kucheka, kisha akaniangalia, akakiacha kicheko njiani.

Kabla ya siku kuisha mtu ambaye hatumjui alikuwa ameyakata maneno yale. Akaacha haya tu: nimemwona tangu mdogo, na nawaambia, lile ni dume, muulizeni mama yake. Kicheko amekiondoa. Amebandika na picha ya Badria akipiga mpira, meno nje, mishipa ya shingo imesimama. Kipande hicho kikazunguka kwenye simu za watu kama mafua.

Wateja wakaanza kuja kuniuliza. Walikuwa hawanunui kiatu, wanakishika tu, wanakigeuza, halafu, "Eti mama, ni kweli?" Madereva wa bajaji kituoni wakawa wanamwita kaka. Kwenye nyumba tunayopanga Buguruni, wanawake wa uani walinyamaza kila Badria alipotoka chumbani. Siku moja anaoga, nikaona mkono umepanda juu ya ukuta wa bafu, umeshika simu. Nilimwaga ndoo nzima ya maji kwenye ule mkono. Sikumwona mwenyewe, nilisikia tu kandambili zikikimbia. Tangu hapo Badria akioga mimi nasimama mlangoni. Jioni zote masikio yangu yalikuwa barabarani mpaka nimsikie anarudi.

Kisha akanipigia Filbert, meneja wa ile timu. Mtu mpole kwenye simu.

"Mama, sisi hatuna shida na binti. Ila wadhamini wanaangalia picha ya timu. Jumamosi ndiyo majaribio ya mwisho. Aje na karatasi ya daktari tu, inayoonyesha kuwa ni mwanamke, hizi kelele ziishe."

"Sawa, baba," nikamjibu. Ndivyo ninavyojibu watu wa ofisini. Nikatoa gauni la Badria nikalinyoosha, la kuvaa hospitali.

Alinikuta na pasi mkononi. Alikaa kizingitini akawa anasugua daluga zake kwa mswaki wa zamani.

"Nice naye ameambiwa alete karatasi?" akauliza.

"Sijasikia."

"Basi siendi."

"Badria, ni karatasi tu mwanangu."

"Nikipimwa leo, kesho watasema daktari kahongwa. Watataka wa pili. Watataka wa Muhimbili, halafu watataka wa Ulaya." Akapuliza vumbi kwenye kiatu. "Kwani mama, wewe hujui ulichozaa?"

Nikazima pasi. Gauni likarudi sandukuni nusu limenyooshwa.

Kesho yake nikaenda Kariakoo, mezani kwa Bushiri. Alikuwa na wateja.

"Mtani wangu huyo," akawaambia. "Mpisheni, amekuja kuniuzia kiwanja."

"Futa yale maneno, Bushiri."

Alinitazama usoni akitafuta kama natania. "Umekasirika?"

"Futa."

"Mama Badria, mtani hakasirikiwi. Wewe mkubwa, unajua."

"Mimi ni mtani wako. Yule wa Mbeya aliyeandika mtandaoni mwanangu avuliwe nguo uwanjani naye ni mtani wangu? Na yule wa Nairobi?"

"Watu wanajua ni utani."

"Wanajulia wapi? Kicheko chako wamekikata, neno wameliacha."

"Sasa hilo nalo langu? Mimi nilicheka." Akafuta kioo cha simu kwa kidole gumba. "Halafu tazama upande wa pili. Kabla ya hapo nani alimjua Badria? Mtaa mmoja. Sasa hivi nchi nzima inataka kuona Jumamosi itakuwaje. Ndiyo mpira wa siku hizi, mtani. Mtoto akajifunze kuvumilia. Mimi mwenyewe wananitukana kila siku."

"Wewe wanakuchungulia bafuni?"

Mteja mmoja alikohoa. Nilipogeuka kuondoka nikamsikia nyuma yangu, "Wazaramo bwana, wakikosa ngoma wiki moja wanavimba." Wakacheka wote, na mimi nikatembea nikiwa nimeuma kanga.

Jumamosi Badria alienda bila karatasi. Kiwanja kilikuwa kile cha vumbi kule Ilala. Filbert alitaka kumzuia, lakini kocha wa timu, mwanamke anayeitwa Joyceline, akamwambia mbele yetu, "Mimi nimekuja kutazama mpira. Acha acheze, karatasi zako utazitafuta wakati wa mapumziko." Wakampa kizibao cha njano, upande mmoja na Nice. Mimi na Mbaruku tukakaa kwenye tofali karibu na mstari.

Walikuwepo vijana wengi ambao hawakuja kwa ajili ya mpira. "Kaka, pasi hapa." "Kaka, ndevu umeacha nyumbani?" Kila Badria alipogusa mpira walipiga miluzi. Na Badria akaharibika. Sijawahi kumwona vile. Alipiga pasi fupi za woga, mbili zikaenda kwa adui, kisha akaacha kabisa kuomba mpira. Alisimama nyuma ya wachezaji wengine kama mtu anayejificha mvua.

Bushiri alikuwa hatua chache kutoka kwetu, simu iko kwenye stendi. "Wadau, dume limechoka leo," akasema ndani ya simu. "Pumba zimeisha."

Nikainuka. Mbaruku alidhani naenda kujisaidia. Nikafika, nikaichomoa simu kwenye stendi, nikaishika kifuani.

Bushiri aligeuka, uso ukamchanua. Alifurahi kweli. Ilikuwa kama nimemrudishia kitu. "Haya, nimekamatwa," akawaambia watu. "Mzaramo kanikamata mchana kweupe." Pale mstarini wote wakaanza kutabasamu, hata wale vijana wakageuka kututazama, kwa sababu kila mtu anaujua mchezo huo. "Sema mtani, nikomboe kwa nini? Soda? Mihogo?"

"Waambie hawa waliomo humu kuwa yale yalikuwa utani wa sokoni, na kwamba Badria ni binti. Sitaki kingine." Nikaigeuza simu imtazame. Ilikuwa bado inarusha.

Akanyoosha kola. Akaweka mkono kifuani, akakunja uso kama shahidi mahakamani. "Wadau, mbele ya mtani wangu huyu mkali, natamka kuwa Badria ni binti. Tena mrembo. Tena mkipeleka posa mpitie kwangu." Akakonyeza jicho, na kicheko kikamponyoka. Watu wakacheka naye. Kwenye kioo nikaona vikatuni vya kucheka vinapanda, vinapanda. Sina miwani, nasoma polepole, lakini mstari mmoja niliuona: mama kamtisha jamaa.

"Nimelipa," Bushiri akasema, ameshanyoosha mkono. "Lete mali."

Alikuwa amelipa. Kwa sheria ya utani nilitakiwa nicheke, nimpe, yaishe. Nikampa simu.

"Chukua," nikasema. "Nimekurudishia bure."

"Bure vipi? Nimeshalipa."

"Sijapokea kitu kwako."

Mbaruku alikuwa amefika, akanishika kiwiko. "Mama Badria, usifanye hivyo. Mtoze hata kiberiti."

Yeye alielewa haraka kuliko wengine. Mali ya mtani hairudi bure. Bure unamrudishia mpita njia aliyedondosha kitu, mtu usiyemjua. Bushiri naye akaelewa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akatoa sigara, akatoa hata pipi, akanikunjulia kiganja mbele yangu. "Chukua, mtani. Chukua basi chochote." Nikaficha mikono yangu ndani ya kanga.

"Aliyevaa koti la Idrisa alikuwa mtani wangu," nikamwambia. "Wewe sikujui."

Hakuna aliyecheka. Simu alikuwa ameielekeza chini, inarusha vumbi na vidole vya miguu yake. Kiganja kilibaki wazi.

Wale vijana walikuwa bado wanatutazama sisi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza upande ule wa uwanja ulikuwa kimya. Nikamsikia Badria akiita mpira kwa ile sauti yake nzito. Akapewa. Alikuwa ameshatazama. Aliupiga juu ya vichwa vya watu wote, ukaenda kumkuta Nice anakimbia kulia, hakuhitaji hata kupunguza mwendo. Nice akafunga. Hakukimbilia kibendera, alirudi uwanja mzima mpaka kwa Badria, akamrukia mgongoni, na wakati wa mapumziko akatoka nje amemshika mkono, wakipita upande wa wale vijana makusudi.

Filbert alikuwa anasubiri. "Karatasi ipo?"

Badria akavua kizibao, akakikunja vizuri kama shati la dukani, akamkabidhi. "Ulichokuja kukitazama umekiona," akasema. Tukaondoka kwa miguu mpaka Buguruni. Nilijua tumepoteza nafasi.

Jumatatu Joyceline akaja Mchikichini peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akachambua daluga kama mteja, akazikunja nyayo, akanusa gundi. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nice wamemchukua wakampa winga, na yeye amesema haji bila mwenzake. Na mimi nimewaambia, kama hawamtaki Badria bila karatasi, watafute na kocha mwingine. Wamekubali kumchukua kwa msimu mmoja."

Badria alikuwa juu ya belo. Kiatu alichokishika hakukirusha.

"Sikudanganyi, mama," Joyceline akaendelea. "Huko viwanjani ni kubaya kuliko Ilala. Kuna mahali wanaimba."

"Wanaimba nini?"

"Hicho hicho."

"Na wewe wamewahi kukuimbia?"

Akatabasamu upande mmoja. "Mpaka leo, na nimeshazaa wawili."

Nikamtazama Badria. Tayari alikuwa anatafuta kandambili zake.

Bushiri hakufuta kitu. Kile kipande bado kipo, na kipande cha mimi kumnyang'anya simu kimemwongezea wafuasi. Bado anapima watoto wa watu, alama kwa alama. Badria amecheza mechi zake za kwanza na wamemwimbia kweli, amenisimulia mwenyewe, na mimi kila siku ya mechi nakung'uta viatu vumbi ambalo halipo mpaka simu iite.

Njia ya kwenda Kariakoo haijabadilika, kwa hiyo Bushiri bado anapita. Asubuhi ya kwanza alijaribu. "Nyie Wazaramo kazi yenu," akaanzia mbali, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Nikasimama kabisa, kama ninavyomsimamia mgeni. "Habari za asubuhi, Bushiri."

Akakwama. "Nzuri," akasema.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Mama Badria."

"Watoto?"

"Wazima."

"Haya. Kazi njema."

Imekuwa hivyo kila siku. Mbaruku anasema nimezidi, bora ningempiga kofi. "Mtukane hata kidogo," ananiambia. "Mtu anakonda." Ameniuliza pia, siku yangu ikifika, nani atajilaza mlangoni jeneza lisitoke. Hilo nalifikiria nikipanga viatu.

Jana Bushiri alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu kuliko kawaida. Akachukua daluga moja ya kushoto, akaiweka kwapani, akaondoka nayo polepole, anageuka geuka kuona kama namfuata. Alifika mpaka kwenye kona. Sikumfuata. Akarudi, akaiweka mahali pake, sambamba na mwenzake wa kulia.

"Karibu tena, Bushiri," nikamwambia. "Usalimie nyumbani."